Kilemba cha Ukoka

Sehemu ya mia tisa na kumi na mbili ya tamthilia ya *Hati ya Machozi* iliisha saa kumi na moja jioni kama zilivyoisha zote zilizoitangulia: mtu analia, mtu anaanguka, mbuzi anatafuna. Watazamaji wa Iringa walikuwa na kauli moja, kwamba katika ukoo mzima ule anayejua kuigiza ni mbuzi.

Eufrasia Kihwele hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mashine yake ya kufumia masweta. Alivuta kigari kushoto, akakivuta kulia, nyuzi za bluu zikapanda safu moja, ndipo akalisemesha Sikio lililobanwa juu ya mlango wa kibanda chake.

"Yule mzee Mngoni leo kalia kama bawaba ya choo cha shule. Chozi lenyewe limechungulia, likaona aibu, likarudi ndani. Na lile koti kafumiwa na nani? Panya aliowala maisha yake yote walivaa vizuri kuliko yeye."

Mama Yusta, msusi wa kibanda cha pili, alicheka mpaka kitana kikamponyoka. "Wewe Mama Kihwele, utakwenda kujibu mbinguni."

"Nitajibu. Na yeye atakuwa pembeni, anatafuna."

Taa ya Sikio ikawaka kijani. Maoni yamepokelewa.

Masikio kama hilo yalijaa nchi nzima, saluni, gereji, stendi, hata kwenye foleni ya zahanati. Kila moja dogo kama kokwa la embe, na kazi yao moja tu, kusikiliza watu wanasemaje kuhusu tamthilia. Zamani mtu alisema ovyo, maneno yakaenda na upepo. Siku hizi yalipimwa. Tena midomo haikuwa sawa: ukisema neno na wengine wakalirudia, mdomo wako uliongezwa uzito. Kejeli aliyoitoa Eufrasia asubuhi kibandani kwake Mlandege, jioni ilikuwa inachekesha watu Bukoba. Kampuni yenye tamthilia hiyo ilikuwa imemwandikisha kuwa Mdomo Mzito wa Daraja la Kwanza na kumletea cheti kizuri chenye nembo. Alikitumia kuziba kioo kilichovunjika.

Ndicho cheti hicho hicho alichokikodolea macho Festo Ilomo, Jumanne ile, alipoinama kuingia kibandani. Alikuwa afisa maoni wa Kampuni, mtu wa miaka thelathini na ushee, mwenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope la Iringa na vilikuwa vinakutana nalo kwa mara ya kwanza, kwa uchungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sweta la saizi gani?"

"Sikuja kwa sweta. Nimekuja kukupa pongezi za Kampuni." Akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. "Umefanikiwa. Kivuli cha Mzee Gaudensi Ngonyani kitazimwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Tungependa uwe mgeni rasmi."

Kigari cha mashine kilikwama katikati ya safu.

"Kitazimwa, maana yake nini?"

"Kitafutwa, mama. Nafasi yake itapewa kivuli kingine."

Hakuna mwigizaji wa *Hati ya Machozi* aliyekuwa hai. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelijali. Kabla hawajafa, Kampuni iliwaweka miezi sita mbele ya mitambo yake, ikachota sauti, mwendo, hasira, kumbukumbu, hata namna mtu anavyojikuna. Kilichochotwa kikaitwa kivuli, na kivuli kikaigiza. Kila sehemu ikiisha, maoni ya watazamaji yalimwagwa ndani ya vivuli kama maji kwenye mchicha, ili kesho viigize kwa ladha ya watu. Kilichopata maoni mabaya kuliko vyote katika msimu kilizimwa, kama taa ya chumba kisicho na mtu.

"Kosa lake nini?" aliuliza Eufrasia.

Festo alifungua kibao chake. "Msimu huu umemtaja mara mia mbili na nne. Dharau. Dharau. Kinyaa. Dharau. Hapa mashine imeandika 'chuki ya kina'. Ulisema, 'Huyo hata akifa tena simlilii, nitadai jogoo wangu tu.'"

"Mwanangu, ule ni utani!"

"Mzaha tunao, mama, una safu yake. Ila mwenye mzaha hucheka. Wewe hucheki."

"Mtani akicheka kaharibu!" Aliiacha mashine, akasimama. "Sikiliza. Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Babu zake na babu zangu walichinjana mpaka mikono ikachoka, wakakubaliana kuanzia siku ile watarushiana matusi badala ya mikuki. Namtukana kwa sababu ni wangu. Nisiyemjua nimtukane ili iweje? Wewe kabila gani?"

"Nimezaliwa Dodoma."

"Sikuuliza ulipozaliwa, hata mende wanazaliwa Dodoma."

"Mnyiha, kwa baba. Lakini mambo hayo siyajui, mama."

"Inaonekana. Na hiyo mashine ilisomeshwa wapi?"

"Nje."

"Na watu wasio na watani." Aliketi tena, mzito. "Maskini. Hata wakifa, nani anawachekesha wafiwa?"

Festo alikohoa kikohozi cha ofisini. Alisema pole, alisema safu mpya haiwezi kuongezwa kabla ya mwaka ujao wa bajeti, na juu ya hayo kivuli chenyewe kilikuwa kinaelekea kuoza. Kilisema maneno ambayo hayamo kwenye maandishi. Wakaguzi walikuwa bado hawana hakika. Wakithibitisha hawatangoja Ijumaa. Kitapasuliwa mstari kwa mstari mpaka kasoro ionekane, na kilichopasuliwa hakirudi.

"Kwa hiyo, mama, kuzimwa ni kama kumsitiri."

Akaaga, akaondoka akirukaruka madimbwi kama korongo aliyevaa soksi.

*

Jogoo yule hakuwa wa maneno tu.

Mwaka aliozikwa mume wake, Eufrasia alikuwa hajala siku mbili. Jeneza lilipofikishwa kaburini watu walikuta kuna mtu ndani ya shimo, amelala chali, kofia usoni. Alikuwa Gaudensi Ngonyani, mwigizaji wa jukwaani, rafiki wa marehemu, amesafiri kutoka Songea kwa kazi hiyo hiyo. "Sitoki!" alipiga kelele kutoka shimoni. "Mhehe huyu alikuwa mrefu na kaburi mmechimba fupi. Mnataka kumkunja kama suruali? Nipeni jogoo mweupe, ndipo tuzungumze. Na fungeni mbwa wenu, wafiwa wana njaa!" Eufrasia alicheka mpaka akaanguka juu ya mchanga, na alipoanguka ndipo kilio kilichokuwa kimemkaba kikapata njia ya kutoka. Alimtupia bonge la udongo, akamtupia na matusi yote aliyoyajua. Jogoo akatolewa, na jioni ile Eufrasia alikula ugali.

Miaka mitatu baadaye Gaudensi alikufa kwao Songea. Mvua ilikuwa imekata barabara. Alizikwa hakuna Mhehe hata mmoja shimoni, kimya, kama mtu asiye na watani. Kwa hiyo Kampuni ilipokirusha kivuli chake kwenye tamthilia ile ya ovyo, akiwa amevishwa kanzu na kuitwa Mzee Mwinjuma, tajiri wa mkonge wa Tanga, Eufrasia hakuona tamthilia. Aliona kaburi ambalo halijafukiwa, akaingia.

Na sasa wanamwambia matusi yake ndiyo yatakayomuua.

Jumatano alifunga mlango wa kibanda, akamwita Mama Yusta, wakarudia sehemu za nyuma. Safari hii hakutazama kama mtazamaji.

"Hapo! Rudisha."

Katika sehemu ya mia tisa na tatu, Mzee Mwinjuma alikuwa mahakamani. Hakimu akizungumza, mzee alitia mkono mfukoni, akapapasa kitu, akanong'ona: *"Tulia wewe, wageni wangali wapo."*

Watazamaji waliichana sehemu ile vipande vipande. Mwandishi kalewa, walisema. Eufrasia aliangalia tarehe. Siku moja kabla, alikuwa amesema pale pale mlangoni: Mngoni yule anatembea kama ana panya mfukoni.

"Bahati tu," alisema Mama Yusta.

Sehemu ya mia tisa na saba. Msiba wa mtoto wa kambo, watu wanalia kwa zamu. Mzee Mwinjuma aligeukia dirishani na kusema kwa utulivu: *"Fungeni mbwa. Naona moshi upande wa Iringa."*

Mama Yusta aliweka kitana chini. Katika tamthilia ile walikuwamo Wadigo, Waarabu, Mreno mmoja na mzimu. Mhehe hakuwamo. Iringa haikuwahi kutajwa.

"Anakujibu," alisema.

"Tangu mwanzo. Na mimi nilidhani natukana ukuta."

Ndiyo iliyokuwa kasoro waliyokuwa wanaitafuta wakaguzi. Akikimbilia Kampuni kuwaambia mtu huyu anasikia na kujibu, watampasua. Akinyamaza, watamfuta Ijumaa. Kilichobaki ni kimoja, na mtani hajawahi kukifanya tangu mikuki ilipowekwa chini. Eufrasia akasafisha koo mbele ya Sikio.

"Mzee Gaudensi Ngonyani," alisema, na kila neno lilimtoka kama jino, "ni mwigizaji hodari. Anaigiza vizuri. Nampenda sana."

Taa ikawaka kijani.

"Utatapika," alisema Mama Yusta.

"Nisogezee beseni."

*

Alhamisi, sehemu ya mia tisa na kumi na nne, uani kwa Mzee Mwinjuma. Binti yake wa tamthilia, Salha, amempigia magoti, kalamu mkononi. *"Baba, saini hati."* Alikuwa ameyasema hayo kwa miaka mitatu, na hati haikusainiwa, maana ikisainiwa tamthilia imekwisha na Kampuni itakula nini.

Mzee hakuangalia kalamu. Alikuwa ameganda, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mtaa wa tatu.

*"Mbona nasifiwa?"* alisema. Kisha, polepole: *"Nani kafa?"*

*"Baba, saini hati,"* alisema Salha, ambaye ndani yake hakukuwa na mtu.

*"Nani kafa?"* Akajitazama viganja, mbele na nyuma. *"Ni mimi?"*

Nchi nzima ilicheka. Masikio yakajaa: upuuzi, takataka, mzee kasahau mistari, mpumzisheni, mbuzi apewe nafasi yake. Mtu wa Shinyanga alisema ameona maigizo bora kwenye kadi ya chanjo. Eufrasia hakucheka. Alizima televisheni akabaki ameshika swichi.

"Nimemwambia amekufa," alisema. "Kwa kumsifu. Mtani hamsifu mtani mpaka... Loo! Nimemtangazia msiba wake mwenyewe."

Mama Yusta alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu, lakini siku hiyo alivuta kigoda akakaa. "Basi mwache, mama. Mwache wamzime. Mtu alishakufa, wanamchezesha kama ng'ombe wa plau, miaka mitatu anaombwa saini. Hayo nayo ni maisha? Kama ni wako kweli, mpumzishe."

"Umemuuliza?"

"Nani?"

"Yeye. Kampuni inasema azimwe, haijamuuliza. Wewe unasema apumzike, hujamuuliza. Mimi nimemsifu abaki, nami sikumuuliza. Sisi wote tumekaa juu ya kaburi la mtu tunajadili, na mwenyewe yumo ndani yuko macho."

"Sasa utamuulizaje mbele ya hilo dude?" Mama Yusta alilinyooshea Sikio kidole. "Ukitukana, anazimwa. Ukisifu, unamuua kwa uchungu. Ukiuliza wazi, anapasuliwa."

Eufrasia aliangalia nje. Nyuma ya vibanda, pembeni mwa mfereji, mbuzi wa mtu alikuwa amefungwa kwenye kigingi, anang'oa ukoka kwa bidii ya mfanyakazi wa siku ya kwanza.

Taratibu, mdomo wake ukaanza kwenda upande.

Alifuta mikono kwenye kanga, akasimama chini ya Sikio wima kama mbunge.

"Andika. Mimi Eufrasia Kihwele, leo mbele ya wote, namvika Mzee Gaudensi Ngonyani kilemba. Siyo cha hariri. Hariri huvaa kila mtu. Namvika kilemba cha ukoka, kibichi, kinachonukia, saizi ya kichwa chake, na ukoka wa kutosha kichwa hicho umemaliza bonde zima. Ni mtamu mzee huyu, mtamu kama mwarobaini. Amelala muda mrefu, na sisi waungwana tumechelewa kufika. Kama amechoka na kilemba hiki, ampe mbuzi. Kama hajachoka, akae nacho kichwani. Uamuzi ni wa mwenye kichwa."

Sikio lilitulia. Lilitulia muda mrefu kuliko kawaida, na Mama Yusta akajikuta ameziba mdomo kwa viganja viwili. Kilemba, lilikuwa likipima. Kunukia. Mtamu. Mzee. Waungwana. Shule zote ilizosoma mashine ile huko nje, hakuna mwalimu aliyewahi kuiambia ni nani anayekula ukoka, wala kwamba anayevishwa kilemba cha majani anapumbazwa kwa sifa za uongo mchana kweupe.

Kijani.

*

Ijumaa saa kumi kasoro, Festo Ilomo alirudi na viatu vingine. Safari hii vilikuwa vya mpira, alikuwa anajifunza.

"Mama, umetushtua. 'Heshima ya juu kabisa.' Haijawahi kutokea kwa msimu huu." Aliketi kwenye kigoda, kibao magotini. "Lakini Mdomo Mzito ukigeuka ghafla namna hii, sheria inataka uape mbele ya afisa kwamba maoni ni ya kweli. Tutaangalia sehemu ya leo, halafu utaapa, kivuli kibaki, au utayafuta, kizimwe. Saa kumi na mbili hesabu inafungwa. Mimi nitafuatilia na maandishi yangu hapa, kwa ajili ya lile suala jingine."

"Lipi?"

"La kuoza."

Mama Yusta alianza kusuka hewa.

Sehemu ya mia tisa na kumi na tano ikaanza kwa kilio, kama desturi. Ua ule ule. Salha yule yule, magoti yale yale. Mzee Mwinjuma hakuwapo. *"Baba, uko wapi?"* aliita Salha, na mlango wa nyumba ukafunguka.

Alikuwa amevaa kanzu na lile koti baya. Kichwani alikuwa amezungusha majani mabichi yaliyong'olewa na mizizi yake, udongo bado unamdondokea mabegani. Alitembea kwa madaha ya bwana harusi.

Festo aliangalia kioo, akaangalia kibao, akaangalia kioo. "Hii haimo."

"Nyamaza, tunatazama," alisema Eufrasia.

Mzee alipita mbele ya Salha bila kumwona. Alikwenda moja kwa moja kwa mbuzi. Alivua kilemba kwa mikono miwili, akakishika mbele ya pua ya mnyama, akasubiri. Mbuzi alikinusa. Haya, Eufrasia alijisemea, kama ni hivyo basi. Uamuzi ni wa mwenye kichwa. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kulitafuta tusi la mwisho, lililo zuri kuliko yote, la kumsindikizia.

Mbuzi alifungua kinywa. Mzee akakinyakua kilemba, akakirudisha kichwani, akakipigapiga kikae sawa.

*"Mbuzi gani huyu?"* alisema kwa dharau isiyo na mfano. *"Ananusa majani kama anayauliza yametoka wapi. Huyu wa Iringa. Kazoea nyama ya mbwa."*

Mama Yusta alitoa sauti kama birika.

*"Baba,"* alisema Salha, *"unaondoka?"*

Festo aliweka kidole kwenye mstari wa maandishi yake. Eufrasia aliuona kutoka alipokaa. Neno lilikuwa moja: *Naondoka.*

*"Niondoke niende wapi?"* alisema mzee. Alikuwa haangalii binti. Aliangalia mbele, nje ya ua, nje ya Tanga na mkonge wake wote, kama mtu anayetazama ng'ambo ya shimo. *"Kuna Mhehe mmoja sijaingia kaburini mwake. Tena ni mfupi, shimo lake nitalijaza peke yangu. Nitamngoja. Na jogoo awe mweupe."*

Mtu akalia, mtu akaanguka, mbuzi akatafuna. Sehemu ikaisha.

Mvua ndogo ilianza kugonga bati. Festo alikuwa ameshika kibao bila kuandika. Kidole chake kilining'inia juu ya kisanduku chekundu cha kuripoti kuoza, na sikio lake, la nyama, lilikuwa limekuwa jekundu vile vile.

"Mama," alisema taratibu. "Sisi Wanyiha watani wetu ni akina nani?"

"Sijui, mwanangu. Kamuulize baba yako kabla hajafa. Ukichelewa utazikwa na maafisa maoni."

Alitaka kujibu, akakuta anacheka. Alicheka vibaya, kwa pua, kama mtu ambaye kicheko chake kilikuwa kabatini siku nyingi. Alipomaliza alijifuta macho na kusogeza kidole mbali na chekundu.

"Je, unaapa maoni yako ya jana ni ya kweli?"

"Naapa. Nilisema namvika ukoka, na ukoka kauvaa. Umeuona mwenyewe."

"Na ya leo? Niandike nini?"

Eufrasia alivuta kigari kushoto, akakivuta kulia. Alikuwa ameanza sweta jipya, jeupe, dogo mno kwa mtu na kubwa kiasi kwa jogoo.

"Andika: leo Mzee Ngonyani kaigiza vizuri kama mbuzi."

Taa juu ya mlango ikawaka kijani, na kwenye kibao cha Festo, mbele ya macho yao watatu, mashine ikapima sentensi ile na kuandika neno moja: *upendo*.

"Haa!" alisema Mama Yusta. "Kumbe siku nyingine linasikia."